Kuja Tofauti Si Aibu, Kuvaa Imani ya Watu Ndiyo Aibu



Leo tunaweka kando hina na magauni ya ukumbini. Tunataka tuzungumze jambo lililotufika dukani, ambalo mpaka leo linatukaa kichwani kila tukikata kitambaa.

Tuna mteja wetu, mtoto wa hapa hapa Unguja, kaolewa Marekani, jimbo la Minnesota. Nguo zake nyingi tunamshonea sisi na kumpelekea kwa mtu anayesafiri. Siku moja akatutumia ujumbe wa sauti. Wenzake wa kazini wamemwalika kwenye tamasha la Renaissance, pale watu wanapovaa kama Wazungu wa zamani. Akasema, "Dada zangu, nishonieni gauni la sista. Linanifunika mwili mzima na kichwa, sivui ushungi wangu, na wala sitaonekana kituko mbele za watu."

Kwa hesabu ya cherehani ilikuwa kazi nyepesi. Kitambaa cheusi, cheupe kidogo cha kichwani, hakuna shanga, hakuna lesi, siku moja na nusu imekwisha. Tukamjibu kwamba hilo hatushoni. Alinuna siku mbili nzima.

Tueleze kwanza tamasha lenyewe. Lilianza California mwaka 1963, mke na mume, Phyllis na Ron Patterson, walipoandaa maonyesho ya kuchangisha fedha za kituo cha redio. Yakapendwa, yakasambaa. La Minnesota lipo tangu mwaka 1971, hufanyika Shakopee mwisho wa wiki, kuanzia Agosti mpaka Oktoba inapoingia. Panajengwa kijiji kizima cha kuigiza Ulaya ya kama miaka 500 iliyopita. Utakuta mfalme na malkia wake, wapanda farasi wenye mikuki, wahunzi, wachezaji, na watu wanatembea na paja zima la bata mzinga mkononi.

Sasa kuhusu nguo. Wenye shughuli, yaani waigizaji na wauza vitu, wanapewa masharti ya kuvaa. Mgeni aliyekata tiketi yake halazimishwi. Anaweza kuja na jinzi na fulana yake, hakuna wa kumrudisha. Wapo wanaokuja kama maharamia, wapo wanaobandika mabawa mgongoni, na wapo wanaovaa sare za wasafiri wa angani kama kwenye filamu. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wengine wanasema hawa wanaharibu, watu wamekuja kuona zama za kale na wao wanaleta vyombo vya anga. Wengine wanasema mwacheni mtu afurahi na pesa yake.

Sisi tuko na hawa wa pili, lakini kwa masharti. Mgeni akija tofauti hajavunja kitu, maana kazi ya kuujenga mtindo ni ya mwenyeji. Ila asiingilie mchezo wa watu, akajifanya yeye ndiye wa kutazamwa wakati malkia anapita. Kama amebeba upanga, aufunge kwenye ala usichomoleke, kama matamasha mengi yanavyotaka. Na asimcheke aliyevaa kwa juhudi, wala asimshike nguo bila ruhusa. Hili la mwisho linatugusa sisi mafundi. Gauni lile pengine mtu amelishona kwa mkono miezi mitatu, pindo kwa pindo, halafu mtu anakuja kulivuta aone kama ni hariri kweli!

Basi kama hatuna neno na msafiri wa angani, kwa nini tulimkatalia mwenzetu gauni la sista, ambalo lingekuwa sawa kabisa na mtindo wa pale?

Kwa sababu lile si vazi la zamani lililokufa na watu wake. Masista wapo leo. Hapa hapa Tanzania wanatibu wagonjwa na kusomesha watoto, wakiwemo watoto wa Kiislamu. Lile vazi kwao ni ahadi waliyoiweka na dini yao. Hatuiamini dini ile, lakini hatuoni kwa nini ahadi ya mwanamke mwingine iwe kichekesho chetu cha Jumamosi.

Na tuliangalie upande wetu. Kwenye matamasha hayo hayo hucheza wacheza ngoma za tumbo. Fikiria mtu anakuja na shela usoni, sarafu kiunoni, tumbo wazi, kisha anakwambia amevaa kama mwanamke wa Kiislamu wa zamani. Dada, utajisikiaje? Sisi tungeumia. Tungesema sitara yetu si mchezo. Haiwezekani tulie kwa jicho moja kwa ajili ya shela letu, na kwa jicho la pili tupime mteja gauni la sista.

Najua yupo atakayesema tumekuza jambo, ni mchezo tu, na nia ya yule binti ilikuwa njema, kulinda ushungi wake. Nia yake hatuitilii shaka, Allah ndiye anayejua yaliyomo vifuani. Tulichomwambia ni kwamba sitara yake haihitaji kujificha ndani ya imani ya mtu mwingine. Yupo pia atakayeuliza kama Muislamu anafaa kwenda huko kabisa, na suala la kujifananisha na wengine linakuwaje. Sisi ni mafundi, si mashekhe. Hilo tulimwambia amuulize mwenye elimu anayemuamini. Letu lilikuwa nguo, na kwenye nguo tukasema hakuna msalaba, hakuna tasbihi ya kanisani, hakuna kifua wazi.

Halafu tukakaa kutafuta mitindo, na tulichokikuta kilitufurahisha. Yule binti alikuwa anaogopa bure. Wanawake wa Ulaya ya zama zile, wasio masista kabisa, walifunika vichwa. Kulikuwa na kitambaa kinachozungushwa chini ya kidevu na shingoni, kisha kingine kinatandazwa juu ya kichwa na kubanwa kwa pini. Baadaye zikaja kofia za kitani na vilemba vya mabibi wakubwa, lakini mke wa mtu bado alifunika nywele zake. Mwenye ushungi pale ndiye aliyevaa sawa kuliko walioachia nywele.

Hata Muislamu mwenyewe kwa vazi lake si mgeni wa zama zile. Mwaka 1600 balozi wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alifika London kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na picha yake iliyochorwa mwaka huo ipo mpaka leo, ana kilemba chake na joho lake. Na Safiye Sultan, mama wa Sultani Mehmed wa Tatu wa Uturuki, aliandikiana barua na malkia huyo na kumpelekea zawadi za nguo. Malkia naye akampelekea gari la farasi, likafika mwaka 1599. Wanawake wawili, dini mbili, wanatunzana kwa nguo! Kwa hiyo angekwenda na buibui lake tu, angekuwa na hoja.

Mwisho tulimshonea gauni la kitani la kijani kibichi. Shingo tuliipandisha juu, mikono mirefu yenye vifungo mpaka kiwikoni, marinda mapana ya kutembelea bila kubana. Ushungi ni pamba nyeupe, umezungushwa kidevuni kama walivyofanya wale wa zamani, na juu yake mtandio mwembamba. Kazi ya siku nne badala ya siku moja na nusu, na vifungo vile tulivitafuta Darajani mpaka miguu ikauma. Alipokwenda, akatutumia picha. Kasimama kama bibi wa kasri, na pembeni yake mwenzake wa kazini kavaa sare ya angani ya kung'aa. Wote wawili wanacheka.

Picha hiyo tumeibandika ukutani kwa ruhusa yake, kwa sababu inatukumbusha na sisi wa huku. Mabibi harusi, mnatuelewa. Tunakula kwa sare, hatukatai. Familia ikichagua kitambaa, sisi ndio tunaofurahi. Lakini tumeshuhudia shangazi amekaa nyuma kabisa ya ukumbi kwa sababu dira lake si la rangi iliyotangazwa, na hakuna aliyemuuliza kama pesa ya sare aliipata. Tamasha la watu wasiojuana linampokea mgeni na jinzi yake, sisi damu moja tunamnunia mtu kwa rangi? Mwenye shughuli apambe shughuli yake apendavyo. Aliyekuja amekuja na dua, mpe kiti cha mbele.

Na wewe unayealikwa, popote ulipo, kabla hujauliza kama nguo inaendana na mtindo, jiulize kwanza kama yupo mtu atakayeumia ukiivaa. Kama hayupo na umejisitiri, nenda kifua mbele hata kama rangi yako ni peke yako.

Allah atusitiri duniani na akhera, na atujaalie tuheshimu sitara za wenzetu kama tunavyotaka yetu iheshimiwe. Amin.