TUIPIME MAHAKAMA YA JUU KWA DAFTARI



Mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali ya umma, lakini sisi wapenda mageuzi hatuiwekei daftari. Tukishinda twaisifu Mahakama ya Juu, tukishindwa twailaani.

Tuanzie nyuma. Kesi mbili za kupinga ushindi wa Rais Moi, wa 1992 na wa 1997, zilitupwa bila ushahidi kusikilizwa. Ya Matiba, kwa kuwa hakuitia sahihi mwenyewe, ilhali maradhi aliyoyapata kizuizini yalimzuia kuandika. Ya Kibaki, mwaka 1999, kwa kuwa Rais hakukabidhiwa hati ana kwa ana. Mwaka 2007 upinzani ulikataa kwenda mahakamani, ukisema hauna imani. Januari 2008 Nakuru na Naivasha zikamwaga damu.

Chini ya Katiba ya 2010, Mahakama ya Juu imeamua uhalali wa uchaguzi wa Rais mara nne. Mwaka 2013, Novemba 2017 na 2022 majaji waliuthibitisha kwa kauli moja. Tarehe 1 Septemba 2017 waliubatilisha, na hapo tu waligawanyika, 4 kwa 2.

Hukumu nne hazitoshi kuthibitisha upendeleo wala uadilifu. Basi tuziandike zote, za ardhi na za magavana pia: je, ushahidi ulisikilizwa? Jaji gani alipinga wenzake, na kwa hoja gani? Hukumu zinasomeka bure. Atakayeilaumu Mahakama, au kuisifu, na aje na daftari mkononi.