Kenya Iliyo Angani, Na Aliyeipa Jina

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu ni wapi, mbali na hapa kwetu, panapopatikana Kenya nyingine. Darasa lilinyamaza. Nikawaambia ipo angani, katika ukanda wa vijisayari ulio baina ya Mirihi na Mshtarii, na jirani yake ni Uganda.

Mnamo Juni 15, 1933, Cyril Jackson, mwanafalaki mzaliwa wa Uingereza, alikuwa kazini katika Kituo cha Falaki cha Union mjini Johannesburg. Kazi hiyo ilihitaji subira: kupiga picha ya anga juu ya bamba la kioo, kupiga nyingine baadaye, kisha kuzilinganisha. Nyota hukaa palepale. Kijisayari huwa kimesogea. Usiku huo alivumbua viwili. Kwanza vilipewa alama za muda, 1933 LA na 1933 LB, herufi L ikiwa ya nusu ya kwanza ya Juni. Njia zao zilipothibitishwa vikapata nambari 1278 na 1279, na majina Kenya na Uganda.

Kenya hiyo huwa mbali na Jua kwa wastani wa kilomita milioni 360 hivi, nayo hulizunguka kwa takriban miaka mitatu na miezi tisa. Uganda, iliyo karibu kidogo na Jua, huitangulia kwa kiasi cha mwezi mmoja. (Watani wetu wa Kampala wasilisikie hili!)

Linalonishughulisha mimi, hata hivyo, ni majina. Mwaka 1933 Kenya ilikuwa koloni na Uganda himaya ya Mwingereza, hatukuulizwa. Jina Kenya lenyewe lilikwisha kupita vinywa vingi. Mkamba huuita mlima ule Kiinyaa, Mkikuyu Kirinyaga, na Ludwig Krapf, aliyeuona kutoka Ukambani mwaka 1849, aliliandika jina kama sikio lake la kigeni lilivyolipokea. Uganda nayo si neno la Waganda, ambao husema Buganda. Kiambishi U- ni chetu Waswahili, kilichopelekwa bara na misafara ya pwani. Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili imekuwa ikilizunguka Jua tangu enzi za ukoloni, na sidhani kuna kitabu cha shule kinachomwambia mtoto habari hiyo.

Kuna watakaoniuliza: majina ya mawe ya angani yana faida gani, ilhali wanafunzi wengine hawana hata madawati? Swali ni halali. Lakini tazama kanuni zilivyo. Kijisayari kikisha kupewa nambari, mvumbuzi ana miaka kumi ya kupendekeza jina, nalo huamuliwa na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia. Jina lisizidi herufi 16, lisiwe la biashara, na mwanasiasa hukubaliwa tu ikiwa imepita miaka mia moja tangu afe. (Kanuni hii ya mwisho ningependa ihamie kwenye barabara zetu.) Haki ya kutaja, basi, humfuata aliyetazama. Vyenye nambari sasa vimepita 700,000, na vyenye majina havifiki 30,000.

Tulipopewa nafasi hatukushindwa. Katika shindano la kimataifa la 2019, Wakenya waliiita nyota HD 83443 Kalausi na sayari yake Buru, yaani kisulisuli na vumbi kwa Kidholuo. Lakini hapo tulikaribishwa kutaja kilichovumbuliwa na wengine.

Ipo mipango ya kimataifa inayowapelekea wanafunzi picha halisi za darubini, bila malipo, wakatafute vijisayari vipya. Kinachohitajika ni kompyuta, mtandao na mwalimu mwenye subira. Walimu wa fizikia na wa Kiswahili wa shule moja wangeweza kuianza kazi hiyo pamoja muhula ujao, mmoja akifundisha kutazama na mwenzake akiweka tayari orodha ya majina.