Gari lako linavuja? Weka chini hiyo silikoni!

Haya wasomaji wangu, leo kompyuta zipumzike kidogo, tuzungumzie magari. Msinikimbie lakini. Mwisho wa yote mtaona kwamba bado tunazungumzia jambo lile lile la kila siku: kutafuta kasoro kabla ya kuitibu.

Kila masika na kila vuli hapa Nairobi utawasikia wenye vigari vidogo wakilalamika kwamba zulia limelowa, vioo vina ukungu asubuhi, na ndani kunanuka kama gunia lililosahaulika mvuani. Dawa ya gereji nyingi ni moja tu: silikoni. Nami nilipakiwa silikoni kuzunguka kioo cha mbele, nikalipa, na mvua iliyofuata maji yakarudi pale pale, miguuni pa abiria. Kioo hakikuwa na hatia yoyote.

Shida ni kwamba tunalifikiria gari kama chupa, kwamba likivuja basi lina tundu la kuzibwa. Gari si chupa. Gari ni kama nyumba ya mabati yenye mifereji. Limeundwa likubali maji yaingie sehemu fulani, kisha liyatoe nje. Mara nyingi gari linalovuja halina tundu lililozidi, bali lina tundu lililoziba.

Tazama chini ya waipa. Pale pana mfereji unaopokea maji yote ya kioo cha mbele, na karibu yake ndipo feni huvutia hewa ya ndani. Ukiegesha chini ya mjakaranda mwezi wa Oktoba, maua na majani huziba njia ya kutokea, maji yakajaa, yakamwagikia kwenye njia ya hewa na kuteremka hadi kwenye zulia. Dawa yake ni mkono wako tu: toa takataka!

Tazama milango pia. Maji ya mvua hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hutokea kwenye vitundu vilivyo chini kabisa. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango. Fundi wa redio akiichana ili aweke spika na asiirudishe, umepata mto ndani ya gari. Na mwingine akija kuviziba vile vitundu vya chini kwa silikoni, amekuongezea na kutu.

Halafu kuna maji yasiyotokana na mvua kabisa. Zulia likilowa siku ya jua kali huku umewasha kiyoyozi, kagua kijipaipu kinachotoa maji yake chini ya gari. Maji hayo huwa safi. Lakini ukikuta yana rangi, yanateleza na yana harufu tamu, huenda ni maji ya radieta yanayovuja kwenye kipasha joto. Hapo injini yako imo hatarini.

Sasa, utajuaje ni ipi? Fanya kama tunavyofanya kwenye programu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Inua zulia na ulikaushe kwanza, kwa sababu sponji iliyo chini yake huficha maji kwa wiki kadhaa. Kisha mwambie mwenzako akae ndani na tochi. Wewe mwagia maji kwa mpira wa bustani bila nguvu nyingi, ukianzia chini ukipanda juu, dakika tano kila sehemu. Ukianzia kwenye paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipitia wapi. Mashine ya kuoshea magari usiitumie, kwani husukuma maji hata pale ambapo mvua haiwezi kupenya.

Si suala la harufu tu. Chini ya zulia la magari mengi ya siku hizi hupita nyaya na viunganishi vya sensa, mikanda na mifuko ya hewa. Vikishika kutu, taa za dashibodi huanza kuwaka zenyewe, nawe unaanza kununua vipuri ambavyo havina kosa. Kwa hiyo usichomoe kiunganishi chochote chini ya kiti kabla ya kutoa waya wa betri na kusubiri dakika kadhaa.

Maoni yangu ni haya. Kosa si la fundi peke yake, ni letu pia tunaolipa. Fundi akikaa saa mbili akitafuta, kisha akatoa majani mawili, tunasema hajafanya kazi. Akipaka silikoni kwa dakika kumi, tunatoa pesa bila kuuliza, kwa sababu silikoni inaonekana. Wateja wa programu nao ni hivyo hivyo: wako tayari kulipia mstari mmoja uliobadilishwa, lakini si saa sita za kuutafuta. Hapo tunamfundisha fundi asitafute, afunike tu.

Basi mvua zijazo, ukifika gereji, usiulize kuziba ni pesa ngapi. Uliza kutafuta ni pesa ngapi, kisha umlipe hata kama dawa yenyewe ilikuwa jani moja la mjakaranda. Itakuwa rahisi kuliko silikoni ya mara tatu.

Nawatakia safari kavu!