Waacheni Vijana Wafungue Makasha

Katika vyuo vyetu neno "mchezo" limekuwa tusi. Kazi ikihusishwa na mchezo, hata kama imemgharimu kijana miezi sita ya kupima, kukata na kulehemu, huhesabiwa kuwa si kazi. Ninaandika makala haya kuupinga mtazamo huo, na mfano nitakaoutumia huenda ukawachekesha baadhi ya wasomaji wangu wa siku zote: kompyuta ya kuchezea gemu iliyoundwa ndani ya ganda la mashine kuukuu ya PlayStation 2.

Kwa asiyejua, shughuli yenyewe ni hii. Mtu huchukua mashine ya gemu iliyokufa, huitoa matumbo yote, hubakiza ganda la plastiki, kisha hupachika ndani yake kompyuta kamili ya kisasa. Kwa nje ni PlayStation ile ile iliyowachelewesha watoto kurudi nyumbani kutoka vibanda vya gemu. Kwa ndani ni kompyuta inayoweza kuhariri filamu, kuchora ramani za majengo na, naam, kucheza gemu.

Rahisi? Tuhesabu. Ganda la PlayStation 2 ile nene, iliyotoka mwaka 2000, lina upana wa milimita 301, kimo cha 78 na kina cha takriban 180. Bodi kuu ndogo ya aina ya Mini-ITX, iliyobuniwa na kampuni ya VIA, ni mraba wa milimita 170 kwa 170. Ukitoa unene wa plastiki, mbele na nyuma hubaki upenyo wa kupitisha kucha tu. Nguzo zilizoshikilia bodi ya zamani lazima zikatwe bila kulidhoofisha ganda. Matundu ya nyuma lazima yachongwe kwa tupa hadi nyaya za umeme na za skrini zipite. Kifaa cha kugeuzia umeme hakiingii, hivyo huwekwa nje kama cha kompyuta mpakato, na ndani hubaki kibao chembamba cha kuugawa umeme huo.

Kisha huja adui mkubwa, joto. Prosesa kama Ryzen 5 5600G, ambayo inabeba uwezo wa picha ndani yake na hivyo haidai kadi ya pembeni, imekadiriwa wati 65. Wati 65 ndani ya boksi lisilo na pumzi, katika Dar es Salaam ya mwezi Februari, si jambo la mzaha. Feni ya kawaida haitoshei kwa kimo. Hutafutwa ya milimita 37 hivi. Hapo ndipo mtu hulazimika kujiuliza hewa itaingilia wapi na itatokea wapi, maana hewa moto ikizunguka mle mle, feni hugeuka kuwa mvukuto wa mhunzi. Nionyesheni kozi moja katika mitaala yetu inayomlazimisha mwanafunzi kukutanisha hesabu za maumbo, elimu ya joto, umeme na kazi ya tupa katika kitu kimoja ambacho ama kitawaka, ama kitaungua.

Mwaka fulani nilialikwa kuwa mtahini wa nje katika chuo ambacho sitakitaja. Kijana mmoja aliwasilisha kazi ya namna hiyo. Aliiweka mezani, akaiwasha, ikawaka. Jopo halikumuuliza swali hata moja kuhusu joto. Lilimuuliza: "Tatizo la utafiti liko wapi?" Akaponea chupuchupu. Aliyemfuata alileta mfumo wa kusajili wanafunzi, ndugu wa damu wa mifumo mingine ya kusajili wanafunzi ninayoiona kila mwaka, wenye sura tano na marejeo yaliyopangwa kwa adabu. Ulipogoma kufunguka mbele yetu, hapana aliyeshtuka. Alipata A. Nilipinga kwa maandishi, na maandishi yangu yamelala kwenye faili.

Na hayo yanatendeka katika nchi ambayo Sera yake ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inasisitiza ujuzi, na ambayo tangu 2024 ina mkondo wa amali katika sekondari. Amali tumeiandika katika sera; ikiingia ukumbini na mikono yenye vumbi la plastiki tunaiuliza kitambulisho.

Lakini hoja yangu haiishii kwenye alama. Kufungua kasha ni suala la umiliki, na umiliki ni siasa. Xbox ya kwanza ya Microsoft, ya mwaka 2001, ilikuwa na prosesa ya Intel ya megahezi 733 na diski kuu ndani yake. Hiyo ni kompyuta, iliyotiwa kufuli za programu ili mnunuzi asiitumie kama kompyuta. Sony nayo ilipoleta PlayStation 3 mwaka 2006, ilimruhusu mwenye mashine kuweka mfumo wa Linux. Aprili 2010 iliiondoa ruhusa hiyo kwa sasisho la programu, hata kwa waliokwisha kulipa fedha zao. Anayekataa sasisho alifungiwa mtandao wa kampuni. Mwaka uo huo Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa limeunganisha PlayStation 3 zipatazo 1,760 zikafanya kazi kama kompyuta kuu moja ya utafiti. Kijana George Hotz alipotangaza njia ya kuzivunja kufuli za mashine hiyo, Sony ilimfikisha mahakamani Januari 2011. Yaani kitu umekinunua, kimekaa sebuleni kwako, unakilipia umeme, na bado yuko mtu ng'ambo ya bahari anayeamua kitafanya nini.

Sisi tunaonunua kila kitu kutoka nje tulipaswa kuwa wa kwanza kulipigia kelele jambo hili. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na ni jambo jema. Betri zake zikichoka, nani atazibadilisha? Wapo mafundi wa Kariakoo wanaoweza, waliojifunza kwa kuharibu na kutengeneza, bila cheti, na bila heshima yoyote kutoka kwetu tulio na vyeti.

Najua nitaambiwa kuwa hii ni anasa ya watoto wa wenye nazo. Vipande vipya ni ghali, sibishi. Ila ganda ni la bure, bodi na prosesa za mitumba zipo, na ujuzi unaobaki kichwani hauchakai pamoja navyo. Jambo moja nawaonya vijana wenyewe: anayeua PlayStation nzima ili apate ganda amemchinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya ngozi. Tafuteni mizoga. Imejaa.

Mingi imejaa katika bohari zetu wenyewe. Karibu kila idara ninayoifahamu ina chumba cha kompyuta zilizoandikwa "mbovu", zinazosubiri kibali cha kufutwa huku zikishika kutu. Wapewe wanafunzi ufunguo wa chumba hicho kila Jumamosi, pamoja na bisibisi, multimita na fundi mmoja wa Kariakoo anayelipwa posho ile ile tunayojilipa sisi tukikaa vikao. Kibali ni karatasi moja yenye sahihi ya mkuu wa idara.