Wanafunzi Wetu Kilindini



Barua tulizopokea mwezi huu kutoka kwa wazazi zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na takriban zote zahusu jambo moja: ziara ya wanafunzi wetu wa shule ya upili kwenye gati za makontena hapa Mombasa, kujifunza namna shehena inavyopokewa, kupangwa na kusafirishwa. Wako waliotupongeza. Wako waliouliza ni faida gani apatayo mtoto wa kike kwa kusimama katikati ya malori na vyuma. Mama mmoja alituandikia kwa adabu nzuri lakini kwa msimamo: “Maalim, mwanangu namtaka awe mwalimu au daktari. Bandari ni kazi ya makuli.” Walioandikishwa walikuwa 42. Waliofika asubuhi ile walikuwa 31, na kati ya wale 11 waliobaki nyumbani, 10 walikuwa wasichana. Kwa hivyo twaona ni haki ya wasomaji wetu kuelezwa kilichoonekana huko, ili mzazi akikataa au akikubali awe ajua analolikataa au analolikubali.

Neno la mama yule si la kubezwa, kwani lina historia. Mababu wa wengi katika sisi walibeba magunia Kilindini kwa migongo yao, wakiajiriwa kwa siku na kuachwa kwa siku. Mgomo mkuu wa Januari 1947, ulioanzia kwa wafanyakazi wa mji huu, ulitokana na ujira usiotosha pango wala chakula. Aliyeyashuhudia hayo, au aliyesimuliwa na babake, hana sababu ya kuitamani bandari kwa mwanawe.

Lakini bandari hiyo haipo tena. Iliyoiondoa ni sanduku la chuma. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa imechukua makontena 58. Mwenye fikra hiyo, Malcom McLean, alikuwa tajiri wa malori wala hakuwa baharia. Alichokiona ni kwamba mali hucheleweshwa na kuguswaguswa: gunia lapakuliwa kutoka lori, lawekwa ghalani, latolewa ghalani, lapandishwa melini, na mwisho wa safari mambo hayo yarudiwa yote kinyumenyume. Akaona heri lisafiri sanduku zima, likitoka juu ya lori na kuingia melini bila kufunguliwa. Leo kontena lina kipimo kimoja duniani kote, futi 20 au 40 kwa urefu na futi 8 kwa upana, na kwa sababu hiyo kreni ya Mombasa hulinyanyua sanduku lililofungwa China bila kuuliza ndani mna nini.

Wanafunzi walivalishwa helmeti na riflekta, wasichana juu ya hijabu zao, wakapandishwa basi la ndani, kwani hapana ruhusa ya kutembea kwa miguu penye mitambo. Aliyetuongoza alikuwa bint wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa mji huu, kazi yake ni kupanga makontena uwanjani. Hakuanza na takwimu. Alisimamisha basi mbele ya kontena moja kuukuu lenye kutu, akawaambia wasome yaliyoandikwa ubavuni: herufi nne na tarakimu saba.

Hapa twaomba subira ya msomaji, maana ndipo ziara ilipopata uhai. Herufi tatu za mwanzo humtambulisha mwenye kontena, ya nne aghalabu ni U, na tarakimu sita zifuatazo ni namba ya kontena lenyewe. Tarakimu ya saba haikuchaguliwa na mtu, bali hutokana na hesabu. Kila herufi ina thamani yake. Thamani ya nafasi ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, hivyo hivyo hadi ya kumi ambayo huzidishwa kwa 512. Yote hujumlishwa, jumla ikagawanywa kwa 11, na kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho. Kikibaki 10 huandikwa 0. Karani akikosea tarakimu moja tu katika kuandika, hesabu hukataa na kompyuta humrudishia. Bint yule aliwagawia jedwali la thamani za herufi, akawaambia wahakikishe. Basi zima likanyamaza. Watoto ambao darasani huuliza hisabati ina kazi gani maishani walikuwa wameinamia madaftari magotini, na wa kwanza kulipata jibu alikuwa msichana wa safu ya nyuma ambaye walimu wake watuambia hajawahi kunyoosha mkono.

Kisha tukapelekwa kuona meli ikipakuliwa. Kreni za gatini husimama kama twiga walioelekea bahari. Mwendeshaji hukaa katika kibanda cha kioo juu kabisa, akitazama chini kati ya miguu yake, na fremu ya chuma hushuka ikakamata kontena kwa pembe zake nne. Wavulana walikodoa macho kwenye mashine. Sisi kilichotushangaza zaidi ni upangaji. Kontena zito halikai juu ya jepesi, litakaloshuka bandari ya mwanzo halizikwi chini ya litakaloshuka ya mwisho, lenye kemikali haliwekwi popote pale, na la baridi lazima liwe karibu na umeme. Mama aliyewahi kupanga sanduku la safari ya Lamu, lenye nguo za watu sita na zawadi za wenyeji, aielewa elimu hii kuliko anavyodhani.

Uzito nao una kisa chake. Zamani msafirishaji aliandika uzito apendavyo, na makontena yaliyozidi uzito ulioandikwa yalihatarisha meli na watu. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni ya kimataifa ya usalama wa baharini yakataza kontena kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa. Watoto waliohifadhi Suratul Mutaffifin walitazamana, nasi hatukuona haja ya kuongeza neno.

Msichana mmoja aliuliza kwa nini mchele hupanda bei. Lilikuwa swali la nyumbani, na jibu lake lilikuwa refu. Mchele mwingi wa pilau zetu hutoka Pakistan na huja kwa njia hii. Kontena likishushwa hupewa siku chache za kukaa bure. Zikipita, bandari hutoza ada ya hifadhi, na mwenye kontena naye hutoza demareji yake kwa kila siku. Karatasi moja ikikosewa jina, au wakala akichelewa kulipa forodha, fedha hizo hazilipwi na tajiri. Huingizwa katika bei ya kilo. Ndivyo ilivyo pia kwa kina mama wafanyao biashara ya nguo kutoka Dubai na Guangzhou, wanaochanga na wenzao kujaza kontena moja. Tunao wasomaji waliopoteza faida ya msimu mzima wa Idd kwa sababu mali ilitoka bandarini baada ya sikukuu. Lau katika kila familia ya wafanyabiashara mngekuwa na mmoja aijuaye kazi hii vizuri, hasara nyingi za aina hiyo zingeepukika.

Mkubwa mmoja wa hapo aliwaambia wanafunzi kwamba mwaka 2024 bandari ilivuka makontena milioni 2, kwa kuhesabu kila futi 20 kuwa moja, na kwamba sehemu kubwa ya shehena ipitayo kwenda nchi jirani ni ya Uganda. Mvulana mmoja akauliza lile ambalo wazazi huuliza barazani: mbona vijana wa hapa hawana kazi? Alijibiwa kwa upole na kwa mzunguko. Sisi twasema waziwazi. Treni ya mizigo ya reli mpya ilipoanza mwaka 2018, na mwaka 2019 ilipotolewa amri ya kuyapeleka makontena ya bara kwa reli, mji huu uliandamana, kwani walioumia hawakuwa makuli. Walikuwa mawakala wa forodha, wenye malori, wenye maghala, na mama aliyewauzia mahamri na chai. Rais alipotangaza tarehe 13 Septemba 2022 kwamba shughuli za kutoa mizigo zarudi Mombasa, tulifurahi. Lakini kazi iliyorudi ni ya hesabu na kompyuta, na haimsubiri kijana kwa kuwa tu alizaliwa karibu na bahari.

Turudi kwa mabinti. Katika bandari hii wako wanawake waendeshao kreni. Mfano mwingine ni Elizabeth Marami, Mkenya wa kwanza mwanamke kuwa rubani wa kuziongoza meli kuingia bandarini, naye alisomea fani hiyo Alexandria, Misri. Kiongozi wetu aliulizwa na wasichana kuhusu zamu za usiku, naye hakuwaficha. Alisema, “Dada zangu, zamu za usiku ziko. Nafanya. Mamangu hubaki na mwanangu, na bila yeye nisingeweza.” Twalitaja jawabu hili kamili kwa sababu ndilo swali la kweli, nalo lafaa kuulizwa: nani atamrudisha nyumbani saa nane za usiku, nani atakaa na mtoto, na mume atakubali? Familia yaweza kulitazama hilo ikaamua hapana, na uamuzi huo tutauheshimu. Hoja ya makuli ndiyo tusiyoikubali, kwani hiyo yamhukumu mtoto wa leo kwa bandari ya babu yake.

Adhuhuri tuliswali jamaa, tukapanda basi kurudi.

Siku mbili baadaye, mmoja wa wasichana walioachwa nyumbani aliazima jedwali la herufi kwa mwenzake. Jirani na kwao Kisauni liko kontena la futi 20 lililogeuzwa duka la kuuzia maji na kadi za simu, na namba yake bado yasomeka chini ya rangi. Akakaa na daftari barazani kwa muuza maji, akapiga hesabu, ikakubali. Babake alitupigia simu jioni ile kuuliza ziara nyingine ni lini.

Mama aliyetuandikia bado hajajibu barua yetu. Ziara ya pili itakuwa baada ya likizo, insha Allah, na nafasi ni 40. Fomu ziko kwa karani wa shule, na yahitajika sahihi ya mzazi mmoja.