WAAJIRI NA KARATASI WANAYOIOGOPA

Yako maneno yanayopendwa sana na waajiri wadogo, nayo ni haya: "Kibarua hana mkataba." Mwenye shamba huyasema, mwenye gereji huyasema, na fundi mkuu aliyepata kazi ya kujenga nyumba huyasema. Sisi twayakanusha, wala si kwa kumhurumia kibarua peke yake, bali kwa sababu anayeyasema ajidhuru nafsi yake.

Na tutazame Soga. Reli mpya ya Dar es Salaam hata Morogoro ilipoanza kujengwa mwaka 2017, watu walikuja huku kutafuta riziki, na kazi ndogo zikafuata nyuma ya kazi kubwa: kupika, kulinda, kufyatua matofali. Tangu Juni 2024 treni za umeme zachukua abiria. Kazi za namna hii zina mwisho wake. Basi twauliza: zikiisha, mtu aliyeandikwa kazi mbali atarudi kwao kwa nauli ya nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yajibu waziwazi. Mtu aanzapo kazi, mwajiri sharti ampe maandishi yenye jina lake, mahali alipoandikwa, kazi yake, siku ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Asiyefahamu maandishi hayo aelezwe hata afahamu. Karatasi hizo zatunzwa miaka 5 baada ya kazi kwisha. Tena mkataba ukikomeshwa mbali na pale alipoandikwa mtu, ni juu ya mwajiri kumsafirisha pamoja na vyombo vyake, au kumlipia safari. Na akimchelewesha, amlipe posho ya kujikimu kwa siku alizongoja. Kumbe mstari ule mmoja wa mahali alipoandikwa ndio nauli yenyewe!

Mwajiri atasema, "Sikuandika kitu, basi hana ushahidi." Hapo ndipo anapopotea. Shauri likisikilizwa, naye hana maandishi ya kuonyesha, sheria yamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Atathibitisha kwa nini, ila kwa mdomo mtupu? Mali bila daftari hupotea bila habari. Wala asidhani kwamba anayelipwa kwa siku aweza kufukuzwa jioni kama kuku: mwezi wa kwanza ukiisha kupita, astahili notisi ya siku 4, na mwenye mshahara wa mwezi siku 28.

Wazee wetu waliijua karatasi ya namna nyingine. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923, mtumishi aliyetoroka kazi aliweza kutiwa gerezani, na katika mashamba ya mkonge kipande cha siku 30 kilimshika mtu mpaka akimalize. Zamani hizo waajiri hawakuona taabu kuandika, maana karatasi ilikuwa kamba shingoni mwa mtumishi. Leo kamba ile ile yamfunga na mwajiri, ghafula kuandika kumekuwa kazi ngumu. Twauliza, ni uvivu huu, au ni woga?

Nasi makarani tusijitoe katika lawama. Daftari la vibarua li mikononi mwetu. Karani anayeacha pengo penye mahali alipoandikwa mtu amemnyang'anya mwenzake nauli, na papo hapo amemwekea bwana wake shauri la kesho. Hapana budi tuandike, na bwana akikataa tumwonye kwa adabu, tena kwa barua, nakala ibaki katika faili.

Na mwanachama mwenye jamaa aliyeachishwa kazi bila haki amwambie asikae akilalamika kibarazani. Shauri la kuachishwa lapelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Siku hizo hazimngojei mtu.