Anayeingia Bila Hodi ni Mwizi

Unguja mtu havuki kizingiti cha mwenziwe bila kupiga hodi, hata mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo anayetega kwa siri kifaa cha kufuatilia chini ya gari la mwingine hastahili jina jingine ila mwizi. Anachoiba si gari, bali nyendo za mtu: anakolala, anakotibiwa, na anaowatembelea.

Kifaa chenyewe huweza kuwa kidogo kama kibiriti. Hunata kwa sumaku, hupokea mawimbi ya satelaiti, na kwa laini ya simu humpasha habari aliyekitega. Mji Mkongwe humrahisishia kazi. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari, na wakaazi hulazimika kuyalaza magari yao pembezoni usiku kucha, mbali na macho yao.

Visingizio havikosekani. Mwenye gari la kukodisha husema analinda mali yake. Na ailinde, lakini amwambie waziwazi anayekodi, tena iandikwe katika mkataba. Mume naye husema anamlinda mkewe. Huo si ulinzi. Ni kifungo kisicho na kuta. Mwanamke aliyekimbia kipigo mjini akajihifadhi kwa ndugu zake Makunduchi, atasalimika vipi ikiwa gari lake lenyewe linamsaliti?

Hata dola haikuachiwa mlango wazi. Januari 2012, katika kesi ya Antoine Jones aliyefuatiliwa kwa siku 28, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba maofisa wa serikali kubandika kifaa hicho garini ili wamfuatilie mtu ni upekuzi. Na upekuzi una sheria zake. Tanzania nayo haiwezi kudai kuwa jambo hili haliihusu. Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti madai, yaliyotolewa katika kesi ya kazi mjini London, kwamba kampuni ya simu ya Tigo iliipa Serikali habari za mahali alipo Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017. Iwe kwa simu, iwe kwa gari, kumfuatilia mtu kwa siri ni dhuluma ile ile.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Hapana budi haki hiyo itetewe kwa vitendo. Mwananchi akikuta kifaa kigeni uvunguni mwa gari lake, asikitupe baharini. Akipige picha, kisha akipeleke polisi. Mara nyingi ndani yake mna laini, na laini za nchini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Nyuma ya laini kuna jina. Polisi nao wasilidharau lalamiko hilo kwa kuliita ugomvi wa nyumbani. Wamtafute mwenye jina hilo, ajibu mbele ya sheria kama wanavyojibu wezi wengine.